Sepsisi: Kwa nini saa za mwanzo huamua nani atatoka hai katika chumba cha wagonjwa mahututi

Kuna ugonjwa unaoua mamilioni ya watu duniani kila mwaka, na hata hivyo ni nadra sana kuusikia ukitajwa msibani. Husemwa kuwa marehemu alifariki kwa nimonia, kwa homa ya matumbo, kwa homa ya uzazi au kwa kidonda kilichoharibika. Maneno hayo si ya uongo. Lakini mara nyingi kilichokatisha uhai wa mtu huyo katika hatua ya mwisho si nimonia yenyewe wala kidonda chenyewe, bali ni hali ambayo madaktari huiita sepsisi, na ambayo mitaani baadhi ya watu huiita sumu ya damu.

Jina hilo la mitaani linapotosha kidogo. Tangu Februari mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wamekubaliana kuieleza sepsisi kuwa ni hali ya hatari kwa maisha inayotokea pale mwili unapoyakabili maambukizi kwa namna iliyokosa mpangilio, kiasi cha kuviharibu viungo vyake wenyewe. Kwa maneno mengine, adui ameingia nyumbani, na walinzi wenyewe, katika kumfukuza, wanavunja kuta na kuchoma paa. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, shinikizo la damu hushuka, figo huacha kutoa mkojo, mapafu hujaa maji, na akili ya mgonjwa huchanganyikiwa. Hali ikifikia hatua ya mshtuko, yaani shinikizo la damu likiwa halipandi bila msaada wa dawa, hata hospitali zenye kila kitu hupoteza wagonjwa wengi.

Makadirio yaliyochapishwa Januari mwaka 2020 katika jarida la tiba la Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani, na milioni 11 kati yao walifariki. Hiyo ni takriban moja ya tano ya vifo vyote vya mwaka huo, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Marekani nayo haikusalimika. Kituo cha taifa hilo cha kudhibiti magonjwa kinakadiria kuwa watu wazima wasiopungua milioni 1.7 huugua sepsisi nchini humo kila mwaka, na wasiopungua laki tatu na nusu hufia hospitalini au huruhusiwa kwenda kupata huduma ya siku za mwisho tu.

Makala hii inaelekea katika jimbo la Texas, kwenye miji ya Dallas na Fort Worth upande wa kaskazini, na Houston karibu na Ghuba ya Mexico. Sababu ni mbili. Kwanza, huko wanaishi maelfu ya wasikilizaji wetu: Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi, na familia nyingi kutoka mashariki mwa Kongo zilizopokelewa kama wakimbizi. Pili, katika miji hiyo hiyo kumefanyika kazi ya kisayansi na ya kitabibu iliyobadilisha namna ulimwengu unavyouelewa ugonjwa huu.

Tuanze na panya. Tangu miaka ya 1960 wanasayansi walijua kuwa kuna kizazi kimoja cha panya wa maabara ambacho hakidhuriki kinapodungwa endotoksini, ile sumu iliyomo katika ukuta wa nje wa bakteria wa aina fulani, wakiwemo wa homa ya matumbo. Panya wa kawaida akipewa kiasi hicho hicho hupata mshtuko na kufa. Kwa nini hawa hawafi? Bruce Beutler, mtafiti aliyehamia Dallas mwaka 1986 kufanya kazi katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Texas kijulikanacho kama UT Southwestern, aliitafuta jeni inayohusika kwa miaka kadhaa, na mwaka 1998 yeye na wenzake wakaipata. Ni jeni ya kipokezi kimoja kilicho juu ya seli za kinga, kiitwacho TLR4. Kipokezi hicho ndicho king'ora cha mwili: kikigusana na endotoksini, seli hupiga mbiu na kumwaga kemikali za kuleta uvimbe na joto. Katika panya wale, king'ora kilikuwa kibovu. Mwaka 2011 Beutler alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo msikilizaji anapaswa kulishika. Panya wale waliosalimika na sumu hawakuwa na bahati kama inavyodhaniwa. Walipoambukizwa bakteria hai, walikufa upesi kuliko panya wengine, kwa sababu mwili haukujua kuwa umevamiwa. King'ora kinachoua ndicho kinachookoa.

Na hapo ndipo matumaini mengi ya dawa yalipogonga mwamba. Makampuni yalitumia fedha nyingi kutengeneza dawa za kukizima kipokezi hicho au kuzuia kemikali zake. Dawa moja iliyokusudiwa kuziba TLR4 ilishindwa katika majaribio makubwa ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Nyingine, iliyouzwa kwa jina la Xigris na kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, iliondolewa sokoni Oktoba mwaka 2011 baada ya utafiti mpya kuonyesha kuwa haipunguzi vifo. Matibabu yamebaki kuwa mambo ambayo daktari wa kizazi kilichopita angeyatambua: dawa za antibiotiki, maji ya dripu, dawa za kupandisha shinikizo la damu, oksijeni, na kuondoa chanzo cha maambukizi, kama vile kukamua jipu au kutoa kondo lililobaki tumboni.

Ikiwa dawa ni zile zile, mbona katika baadhi ya hospitali wagonjwa wengi zaidi hupona?

Jibu la kwanza lilitoka mbali na Texas, katika mji wa Detroit. Mwaka 2001 Daktari Emanuel Rivers na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 263. Waliopata matibabu ya kawaida walifariki kwa asilimia 46.5. Wale waliotibiwa kwa mpango maalumu ulioanza palepale katika idara ya dharura, kwa muda wa saa sita kabla hata ya kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, walifariki kwa asilimia 30.5. Habari hizo zilisambaa duniani kote. Kilichokuwa kigeni si vifaa pekee, ingawa vilikuwepo. Kilichowashangaza wengi ni kwamba mgonjwa wa sepsisi alianza kuhesabiwa kama mgonjwa wa moyo au wa ajali, yaani mtu ambaye saa yake inakwenda.

Huko Houston, ambako kuna mkusanyiko wa hospitali na taasisi za tiba unaotajwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani, Hospitali ya Methodist ililichukua jambo hilo kwa njia yake. Katika chumba cha wagonjwa mahututi wa upasuaji waliweka utaratibu ambao kwa mtazamo wa haraka unaonekana mwepesi mno. Mara mbili kwa siku, muuguzi aliye kando ya kitanda alitoa alama kwa vitu vinne: mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, joto la mwili na idadi ya chembe nyeupe za damu. Alama zikifika nne au zaidi, alimwita mtu wa ngazi ya pili atazame kama kuna dalili za maambukizi. Zikiwepo, aliitwa daktari bingwa wa wagonjwa mahututi, na matibabu yakaanza bila kungoja mzunguko wa asubuhi. Katika ripoti waliyoichapisha mwaka 2009, wataalamu hao walieleza kuwa vifo vitokanavyo na sepsisi katika chumba hicho vilishuka kutoka asilimia 35.1 hadi 23.3.

Nionavyo, uzito wa habari hiyo umo katika neno muuguzi. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huwa na homa, huwa na mapigo ya kasi, huwa na maumivu, na daktari anayepita mara moja anaweza kuyachukulia hayo kuwa mambo ya kawaida ya siku ya pili baada ya kisu. Muuguzi anayelazimika kuandika namba kila zamu huona mstari ukipanda. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliipatia taasisi ya utafiti ya hospitali hiyo zaidi ya dola milioni 14 ili kuupeleka utaratibu huo nje ya kuta zake, zikiwemo nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Wasikilizaji wetu wengi walioko Texas wanafanya kazi katika nyumba za namna hiyo. Wao ndio humwona bibi wa miaka themanini akigoma kula leo, kesho akiita watu kwa majina yasiyo yao, huku kipimajoto kikionyesha hana homa. Kwa wazee sepsisi huweza kuja bila homa kabisa, na wakati mwingine joto la mwili hushuka badala ya kupanda.

Kwa watoto saa ni fupi zaidi. Hospitali ya watoto ya Texas, iliyoko Houston pia, ilichunguza muda uliopita kati ya mtoto mwenye dalili za sepsisi kupokelewa mlangoni na kupewa dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kabla ya mabadiliko, nusu ya watoto walingoja dakika 130 au zaidi. Baada ya kuweka mfumo wa kuwatambua mapema, foleni yao wenyewe na timu iliyo tayari, muda huo ulishuka hadi dakika 38. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Hakuna dawa mpya iliyotumika.

Hata hivyo, inafaa kuwa waangalifu. Kulinganisha matokeo ya chumba kimoja cha wagonjwa mahututi na kingine ni kazi yenye mitego. Chumba maalumu katika hospitali kubwa hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine, hivyo huweza kuonekana kibaya kwenye hesabu hali kinafanya kazi njema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalihitimisha kuwa vifo hupungua pale vyumba hivyo vinaposimamiwa na madaktari bingwa wa wagonjwa mahututi. Miaka sita baadaye utafiti mwingine mkubwa wa Marekani ukaonyesha kinyume chake, na mabishano hayakwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walioko Houston waliuchunguza pia mtindo wa madaktari kuwafuatilia wagonjwa mahututi kwa mbali kwa njia ya kamera na kompyuta. Mwaka 2009 walitangaza kuwa kwa ujumla hawakuona vifo vikipungua, ingawa kwa wagonjwa waliozidiwa zaidi ilionekana kuwepo nafuu. Kinachoonekana mara kwa mara katika tafiti za Marekani ni kwamba hospitali zinazotibu wagonjwa wengi wa sepsisi kwa mwaka hupoteza wachache zaidi kwa uwiano. Mazoea ni mwalimu, hata katika tiba.

Hata ushindi wa Detroit ulipimwa upya. Kati ya mwaka 2014 na 2015 majaribio matatu makubwa, moja la Marekani, la pili lililoongozwa kutoka Australia na New Zealand, na la tatu la Uingereza, yalionyesha kuwa mpango wa Daktari Rivers, pamoja na mirija yake ya kupima ndani ya mishipa mikubwa, haukuwa bora kuliko matibabu ya kawaida. Wengine walishangilia kana kwamba wamemkamata mwongo. Sivyo. Katika jaribio la Marekani, wagonjwa waliopata matibabu ya kawaida walifariki kwa asilimia 18.9 ndani ya siku 60. Matibabu ya kawaida ya mwaka 2014 hayakuwa tena yale ya mwaka 2001. Madaktari walikwisha kujifunza kutambua mapema na kutoa dawa mapema, na hilo ndilo lililobaki baada ya mirija kuondolewa.

Kwamba muda ni mali kulithibitishwa katika jimbo la New York. Baada ya kijana wa miaka 12, Rory Staunton, kufariki mwaka 2012 kwa sepsisi iliyoanzia katika mchubuko alioupata akicheza, jimbo hilo liliziwekea hospitali zake zote kanuni mwaka 2013. Takwimu za wagonjwa zaidi ya 49,000 zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kuwa kila saa ya kuchelewa kukamilisha hatua za mwanzo iliongeza uwezekano wa kifo kwa takriban asilimia 4. Tangu Oktoba mwaka 2015 hospitali za Marekani nzima, za Texas zikiwemo, zimetakiwa kuripoti serikalini jinsi zinavyotekeleza hatua hizo.

Lakini ili saa ianze kuhesabiwa, mgonjwa sharti afike mlangoni. Kwa miaka mingi Texas imekuwa jimbo la Marekani lenye sehemu kubwa zaidi ya wakazi wasio na bima ya afya, na hofu ya deni huwaweka watu kitandani nyumbani hadi wanapoanza kuweweseka. Sheria inasema nini? Katika miaka ya 1980 Hospitali ya Parkland ya Dallas, ile ile alikofia Rais John Kennedy mwaka 1963, ilikuwa ikipokea wagonjwa waliohamishwa na hospitali za binafsi kwa sababu tu hawakuwa na pesa, wengine wakiwa taabani. Mkuu wake wa wakati huo, Daktari Ron Anderson, alipigania sheria ya kuzuia jambo hilo. Texas iliipitisha mwaka 1985, na mwaka uliofuata bunge la Marekani likapitisha sheria ya nchi nzima. Chini ya sheria hiyo, idara ya dharura ya hospitali inayopokea fedha za bima ya serikali ya wazee, na karibu zote huzipokea, hulazimika kumpima yeyote anayefika na kumtuliza aliye hatarini, awe na bima au asiwe nayo. Ankara inaweza kuja baadaye, na ni kubwa, hilo tusilifiche. Parkland mjini Dallas, JPS mjini Fort Worth na Ben Taub mjini Houston ni hospitali za umma za wilaya zao, na zina mipango ya kuwapunguzia gharama wakazi wasio na uwezo.

Kikwazo cha pili ni lugha. Mgonjwa wa sepsisi huulizwa maswali machache yenye uzito: homa ilianza lini, umekojoa leo, una kidonda, umejifungua, umesafiri wapi. Jibu lililopotea njiani hugharimu maisha. Septemba mwaka 2014 Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia, alifika katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Dallas akiwa na homa. Alisema ametoka Afrika. Habari hiyo haikufanyiwa kazi, akarudishwa nyumbani na antibiotiki, na siku chache baadaye akarejea kwa gari la wagonjwa. Alikuwa na Ebola, na alifariki Oktoba 8. Maradhi hayo ni mengine, lakini mlango ni ule ule. Anayetoka likizo Kigoma au Goma akiwa na homa inafaa aseme mapema, na arudie kusema, kuwa ametoka eneo la malaria, kwani malaria kali huweza kufanana kabisa na sepsisi ya bakteria, na tiba yake ni nyingine.

Sasa, je, yale ya Houston yanaweza kubebwa kama yalivyo hadi Muheza au Mbale? Hapa sayansi ya Afrika Mashariki yenyewe ilitoa jibu lililoushtua ulimwengu. Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, waliwachunguza watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Wengine walipewa maji ya dripu mengi kwa haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoagiza. Wengine hawakupewa. Matarajio yalikuwa kwamba maji yangeokoa. Ndani ya saa 48, waliopewa maji hayo walifariki kwa zaidi kidogo ya asilimia 10, na wasiopewa kwa asilimia 7.3. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Miaka sita baadaye, utafiti wa watu wazima 209 katika Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, ukatoa sauti ile ile: walipewa mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo wakafariki asilimia 48.1, dhidi ya asilimia 33 ya waliopata huduma ya kawaida ya hospitali hiyo.

Sababu kamili bado zinajadiliwa. Wagonjwa hao wengi walikuwa na upungufu wa damu, utapiamlo, malaria au kifua kikuu, na hapakuwa na mashine za kupumulia za kumkinga mtu ambaye mapafu yake yamejaa maji. Houston, mgonjwa akizidiwa na maji, kitanda cha jirani kina mashine. Lusaka, hakikuwa nayo. Kwa hiyo agizo lililo sahihi ndani ya chumba kimoja linaweza kuwa kosa ndani ya kingine, na wanaoandika miongozo ya kimataifa wamelazimika kuwa wapole zaidi kuhusu kiasi cha maji tangu wakati huo. Kinachosafiri bila madhara ni ile karatasi ya muuguzi: kuhesabu pumzi, kupima shinikizo na joto, kuangalia mkojo, na kumwita mtu namba zinapobadilika.

Neno kuhusu wanaopona, kwa sababu hesabu za hospitali huishia mlangoni pa kutokea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia Wamarekani wa makamo na wazee waliougua sepsisi kali. Kabla ya ugonjwa, asilimia 6.1 walikuwa na upungufu mkubwa au wa kati wa akili na kumbukumbu. Baadaye ikawa asilimia 16.7. Wengine hushindwa kupanda ngazi, hukosa usingizi, huota ndoto za mashine na kelele za usiku ule. Jamaa huona mtu aliyeruhusiwa hospitali na kudhani sasa ni mvivu au amebadilika tabia.

Msikilizaji uliyeko Texas, au unayemuuguza mtu popote, dalili ambazo wataalamu wanataka uzikimbilie ni hizi: kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, kuhema mbiombio, moyo kwenda kasi, ngozi baridi yenye jasho au mabaka, mkojo kupungua, homa yenye kutetemeka, na maumivu ambayo mgonjwa mwenyewe anasema hajawahi kuyapata. Zikitokea kwa mtu mwenye maambukizi yoyote, aliyefanyiwa upasuaji au aliyejifungua karibuni, msingoje asubuhi. Mkifika, muulizeni daktari moja kwa moja: je, hii yaweza kuwa sepsisi? Na mgonjwa asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, ambaye katika hospitali nyingi hupatikana kwa simu au kwa video, bila malipo kwa mgonjwa. Asibebeshwe mtoto wa shule kazi hiyo.